Mgeni wa Chumba cha Magodoro

Anayesema nimetunga, aje Nyansurura nimwoneshe kifusi. Kipo kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yangu, chini ya bati jekundu, na mawe yake niliyalipia mwenyewe. Mimi si mtu wa hadithi. Shule niliiacha mapema nikaenda machimboni, na mpaka leo herufi zinanitoa jasho. Ukiona mtu kama mimi ameshika kalamu, ujue hana njia nyingine.

Jina langu siliandiki hapa. Utajua kwa nini.

Ila wa huku wananifahamu. Rashi ilipoingia upande wetu (rashi ni pale dhahabu inapoonekana na watu wakafurika kama nzige), wengine walikuja na vyeti vyao wakarudi na malaria. Mimi nilikuja na sururu. Niliingia kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, nikiwa mbeba mawe, nikatoka nikiwa mwenye duara. Nina ng'ombe, nina karasha ya kusaga mawe, nina nyumba ya vyumba vingi kuliko watu. Hakuna aliyenishika mkono. Nasema hivyo si kwa majivuno, ndivyo ilivyo.

Nyumba hiyo niliinunua. Wakati wa rashi watu walichimba popote, jikoni, zizini, chini ya kitanda, na mwenye nyumba wa kwanza alichimba chumba cha nyuma. Alipomaliza alifunika shimo kwa mbao nene, akaniuzia, akahamia ng'ambo, Kenya, bila kuaga jirani hata mmoja. Majirani walinong'ona kwamba kwenye lile duara walioshuka walikuwa wengi kuliko waliopanda. Nikasema hayo ni maneno ya wivu. Nyumba nzuri hukosa maneno?

Sasa, mdogo wangu Mwita. Tumenyonya ziwa moja. Tulichimba sote zamani, kisha yeye akachoka na giza akaenda Ikoma kuendesha watalii. Huko ndiko alikojulia podikasti. Alinieleza kwamba ni kama redio yako mwenyewe: unarekodi nyumbani, unarusha kwenye mtandao, na mtu anakusikiliza saa anayotaka, hata akiwa Ulaya. Akasema, "Kaka, wewe mdomo unao. Unaupoteza bure kwenye vilabu."

Alisema kweli. Mimi nikiongea watu huacha bia zao zipate moto. Nikanunua vifaa, na sikununua vya bei ya chini. Mwita alikuja siku yake ya mapumziko akanifundisha. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, la sivyo kila "p" inapiga kama kofi. Vaa hedifoni usikie unachorekodi. Kabla ya kuongea, acha kimya kidogo ili ujue chumba chenyewe kinalia vipi. Na vyumba vyangu vililia. Sebuleni bati linapasuka kwa jua, chumbani unasikia njuga za ng'ombe, kwingine kote ni karasha. Kilichobaki ni chumba cha nyuma. Hakina dirisha la maana, sakafu yake ni udongo. Tulipanga magodoro ukutani pande zote, na stendi ya maiki tukaisimamisha pale penye utulivu kuliko kote, juu ya zile mbao.

Mwita aliziangalia akakunja uso. "Hili si lilifukiwa?"

Nikamwambia limefunikwa, inatosha, au anataka tulihamishe?

Akacheka, lakini alipita pembeni mwa zile mbao kila alipotoka na kuingia. Mwisho alitengeneza simu yangu ili kipindi nikikihifadhi tu kijirushe chenyewe, maana alisema mimi na vibonyezo hatuelewani. Akarudi Ikoma. Aliahidi kunisikiliza garini kila siku.

Hapa nikueleze jambo la machimboni, maana bila hilo hutanielewa. Kwenye mdomo wa duara hatusemi "karibu." Kamwe. Anayeshuka anaambiwa shuka, anayepanda anaitwa kwa jina lake. Na aliye chini, kabla hajafungua kamba kiunoni, anauliza, "Nani yuko juu?" Aliye juu anajitaja jina. Jina ndilo linaloshika kamba. Wachimbaji wote wanajua, na mimi nilijua kabla wengi wao hawajazaliwa.

Lakini pale haikuwa machimboni. Pale ilikuwa studio, si ndiyo? Basi mchana mmoja nilijifungia kwa komeo, nikavaa hedifoni, nikajaribu maiki. Wengine hujaribu kwa kusema moja, mbili. Mimi si wa moja, mbili. Nikajaribu kwa salamu niliyoitunga ya kufungulia kipindi: "Karibu mgeni wangu. Karibu, panda, keti, tuzungumze." Nikairudia kwa sauti nzito, kwa sauti ya kucheka, kwa kila namna, mpaka ikanipendeza. Kisha nikanyamaza ili nirekodi kile kimya cha chumba.

Kimya hakikuja. Kwenye hedifoni nilisikia mtu anapumua, kama anayepanda na mzigo mgongoni.

Nilipogeuka alikuwa amekaa kwenye kiti cha mgeni.

Niamini, sikuogopa. Nilikasirika. Nilidhani mke wangu, Boke, kamruhusu mtu apite. Alikuwa mwanaume wa makamo, koti safi, ila nywele zimejaa vumbi jeupe la mawe na kucha zimejaa tope bichi. Nikasubiri anipe shikamoo. Hakunipa. Alisema tu, "Umenikaribisha. Nimekuja."

Sauti yake ilikuwa mbovu, kama mchanga kwenye sufuria. Nikaona huyu hafai redioni, lakini nilishawasha mitambo, na mtu wa kunisikiliza sijawahi kumfukuza. Nikamuuliza nimtambulishe kwa jina gani.

"Jina sina," akasema. "Niazime lako."

Wewe ungejibu nini? Mimi nilicheka. Nikamwambia, "Chukua. Ila ni jina zito, angalia lisikuvunje shingo."

"Nimezoea mizigo," akasema.

Tukarekodi. Aliuliza, nikajibu. Nilivyoanza, nilivyotajirika, nani nampenda kuliko wote. Nikamtaja Mwita, nikaeleza tulivyokuwa tukiitana mura, yaani kijana, duarani, namna anavyocheka, maneno yanayomfanya aniamini. Kila nilipojibu koo lilikauka, nikanywa maji, nikaendelea. Niliongea vizuri siku ile kuliko siku zote za maisha yangu. Tulipomaliza nikahifadhi, nikarudisha mwanzo nisikilize.

Ilikuwa sauti moja tu. Yangu. Inauliza yangu, inajibu yangu. Ule mkoromo wake wa mchanga haukuwamo kabisa. Nikataka kusema, hii ni nini? Midomo ikacheza, ikatoka hewa. Nikamgeukia. Kiti kitupu, vumbi jeupe juu yake. Na komeo la mlango lilikuwa limefungwa kwa ndani, kama nilivyolifunga mwenyewe.

Asubuhi nilipanda pikipiki kwenda hospitali ya mjini. Daktari alinimulika kooni akasema ni safi kama la mtoto. Nilimwandikia kwenye karatasi, akanitazama kama mwendawazimu. Kumbuka ile simu: nilipohifadhi, kipindi kilijirusha. Na sikuwa nimesikiliza mpaka mwisho. Nilikisikiliza kwenye benchi la hospitali. Mwishoni sauti yangu ilisema kitu ambacho sikuwahi kukitamka: "Mdogo wangu Mwita, chumba cha nyuma kimetoa mkanda wa dhahabu, mshipa mnene ndani ya mwamba. Usimwambie mtu. Njoo na kamba, nakusubiri chini."

Nikampigia. Akapokea, nikampulizia hewa tu. Akasema mtandao mbovu, akakata. Nikamwandikia ujumbe asije. Baadaye niliuona kwenye simu yake, haujafunguliwa. Mtu anayeendesha gari kwa furaha hasomi.

Nilifika nyumbani jua bado lina nguvu. Gari lake lilikuwa uani. Boke alikuwa anapepeta mtama, akainua uso, ungo ukamtoka mikononi.

"Umetoka wapi na vumbi la njiani?" akaniuliza. "Si uko ndani na Mwita? Nawasikia mnaongea tangu nimetoka shambani."

Nilimburuta kwa mkono mpaka chumbani. Magodoro yapo, stendi imewekwa pembeni kwa adabu, mbao zimepangwa ukutani. Kamba imefungwa kwenye nguzo, inaingia shimoni, imekaza. Mwita alikuwa mwishoni mwake. Nikaivuta kwa nguvu zangu zote. Ikasimama, na mdogo wangu akafanya kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe.

"Nani yuko juu?"

Nikafungua mdomo. Unajua kupiga kelele ndotoni? Ndivyo. Boke akanitazama, akasubiri nijitaje. Na kutoka kule chini, mbele zaidi ya alipokuwa Mwita, sauti yangu ikajibu. Ikataja jina langu, jina la baba na la babu, bila kukosea. Ikasema, "Juu hakuna mtu, mura. Mimi niko huku mbele. Hiyo kamba imenasa kwenye jiwe. Ifungue."

Hapo ndipo Boke alipoelewa. Aliinama ukingoni akapiga yowe: "Mwita, panda! Kaka yako yuko hapa juu na mimi!"

Nikadhani amesikia. Kisha ile sauti ikacheka, cheko langu lile la kilabuni, ikasema, "Shemeji yako huyo. Chakula kikiiva hutuita kwa vitisho. Mjibu asije akamwaga ugali."

Na Mwita akacheka pia. "Tunakuja, shemeji! Kaka anasema kidogo tu."

Niliendelea kuvuta. Kamba ikaja nyepesi.

Nilitaka kushuka. Boke alinishika suruali kwa nyuma, na hakuna aliyewahi kunishika nikashikika, lakini siku ile alinishika. Tuliteremsha taa, ikazimika njiani. Tulisikia miguu miwili miwili ikienda mbali, na watu wawili wakizungumza kwa raha, mmoja ni mimi.

Wachimbaji walimtoa kesho yake, baada ya kupuliza hewa kwa feni. Alikuwa amekaa, mgongo ukutani, kichwa kimeelekea pembeni kama mtu anayesikiliza hadithi tamu. Wakasema ni hewa mbaya ya duara la zamani. Inaua, nami najua inaua. Lakini hewa humwita mtu kwa jina?

Msibani watu walinishika mkono wakaniambia nimeongea vizuri. Sikuwaelewa mpaka mmoja akaniwekea simu sikioni. Kilikuwa kipindi kipya, kimerushwa asubuhi ya maziko. Sauti yangu ikiwashukuru waombolezaji mmoja mmoja, ikilia pale pa kulia, wakati mimi mwenyewe nimekaa kwenye jamvi bila hata uwezo wa kusema amina. Mama yangu alikisikiliza akafarijika. Anakisikiliza mpaka leo. Sijapata namna ya kumwambia.

Nilifukia shimo kwa mawe. Wazee walichinja. Maiki niliisaga kwenye karasha, akaunti nikaifuta, simu nikaitupa. Vipindi bado vinatoka. Watu wa Machochwe wananisifu, wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari wanatuma salamu. Na hivi karibuni kimetoka kingine, kinafunguka kwa salamu yangu ile ile ya karibu, panda, keti. Kisha sauti yangu ikasema, "Leo nina mgeni, mdogo wangu wa tumbo moja." Na Mwita akacheka. Boke alisikia, akafunga nguo zake akaenda kwao.

Sasa nisikilize wewe unayetaka kuanzisha kitu kama hiki chumbani kwako. Jaribu maiki kwa moja, mbili. Usikaribishe kiti kitupu, na jina lako usimwazime mtu hata kwa utani. Na ukisikia mtu anaongea vizuri, anacheka vizuri, anasema ni mimi, anakuita kwa jina uje kuna mkanda wa dhahabu, usimuulize ni nani. Atajitaja, na hatakosea. Mimi nikikuona unaelekea huko nitakuja kukuonya, ila utaona mzee tu anapanua mdomo barabarani, hatoi kitu.

Mfuate huyo.