Debe la Njia

Nikiukumbuka msimu ule, kitu cha kwanza kinachonijia ni kompyuta ndogo juu ya magoti ya binti mmoja, na vumbi jekundu likiingia dirishani na kutua taratibu juu ya vitufe. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, amekuja Korogwe wakati wa likizo ndefu kufanya field, mafunzo ya kazini ya wiki nane, katika ofisi ya fedha ya kampuni moja ya kununua mahindi. Mimi nilikuwa dereva wao. Kabla ya hapo nilishakaa Kahama, Tunduma, na miji mingine ambayo siku hizi inanichanganya. Lakini nilizaliwa kambi ya mkonge, na kila nikichoka kuzurura hujikuta nimerudi huku, kana kwamba miguu inaijua njia bila mimi.

Mhasibu mkuu alimkabidhi binti madaftari ya ununuzi ya misimu mingi. Ayaingize kwenye kompyuta, ayachambue, kisha aseme ni kituo kipi kifungwe. Siku ya mwisho ya field angesimama mbele ya wakubwa na kutoa jibu. Wiki ya tatu tayari alikuwa nalo: Mazingara. Magunia machache, safari ndefu, mafuta mengi.

"Anko, ona," aliniambia, akinigeuzia kioo. Niliona mistari ya rangi, na mmoja umelala chini kabisa kama mtu mwenye homa. "Hiki kituo ndicho kinachoila kampuni."

Nilimjua mama anayetunza ghala la kule. Kituo kikifungwa, yeye hana kazi, na wakulima watasukuma mahindi kwa baiskeli hadi lami, safari ya kumaliza nusu ya siku.

Mhasibu alitaka binti avione vituo kwa macho kabla ya kuandika ripoti. Tulianza na Kwashemshi. Ukungu ulikuwa haujashuka wote mlimani, watu wakitokeza na kupotea kati ya migomba, na magunia yamepangwa ukutani, midomo yake imeshonwa bapa. Binti alipiga picha tukaondoka.

Kesho yake tukaenda Mazingara. Tukishaacha lami, barabara ile hunifanya nisahau umri wangu. Majani makavu pande zote, anga pana, ng'ombe wanavuka bila haraka, na gari linayumba kama linakubembeleza. Binti alilala, kichwa kwenye kioo. Nikaendesha polepole. Nilikuwa na hisia ya kijinga kwamba tusipofika, hakuna kitakachofungwa.

Tulifika. Habari zilikuwa zimetutangulia.

"Ndiye huyu anayekuja kutufunga?" mama wa ghala alisema, akicheka kwa mdomo tu.

"Shikamoo, mama. Sijamfunga mtu."

"Marahaba, mwanangu. Basi kula muhogo kwanza, tusifungwe na mwenye njaa."

Wakulima wakacheka. Binti alipokea muhogo, lakini hakuula. Alikuwa anayatazama magunia. Kila moja lilikuwa limejazwa kupita mdomo wake, na juu yake pamefumwa kamba kuzuia mahindi yasimwagike.

"Mbona magunia yenu yana vichwa?"

"Hicho si kichwa," alijibu mzee mmoja aliyekuwa anashona. "Ni debe la njia. Gunia ni debe sita. La saba ni la njia, lori lisituchoke."

"Nani aliwaambia mweke?"

"Muulize suka wako huyo. Si alikuwepo?"

Wote wakanigeukia. Ni kweli, nilikuwepo. Nikiwa kijana nilikuwa naendesha lori la mfanyabiashara mmoja, tukakwama siku tatu kwenye tope la njia hii. Yule bwana akaapa kwamba harudi tena. Wazee wakakaa, wakamwambia: rudi, tutakuongezea debe moja kila gunia. Akarudi. Baadaye akaacha biashara, ikaja kampuni, lakini debe lilibaki. Nilishalizoea kama nilivyozoea mashimo ya barabarani.

"Na daftarini mnaandika nini?" binti aliuliza.

"Gunia," alisema mama wa ghala. "Tuandike nini tena?"

Binti akarudi kuyatazama magunia. Korogwe mahindi ya vituo vyote humwagwa lundo moja. Kila mwisho wa msimu lundo lilizidi hesabu za vitabu, na ofisini walisema ni baraka.

Kulikuwa na mzani kwenye kona ya ghala, kuku ametagia juu yake. Mama alimhamisha kuku na mayai yake, tukapima gunia moja moja mpaka jua likaanza kupoa.

Tukiwa njiani kurudi binti aliuliza, "Anko, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi sikuwahi kujiuliza."

Tulipofika Segera alikuwa ameshaingiza kilo halisi, akanionyesha kioo cha kompyuta. Mstari wa Mazingara ulikuwa umeamka, umepanda juu kuliko ule wa Kwashemshi. Nilipiga usukani kwa furaha. "Kimepona!"

Hakucheka. "Kimepona kwa mahindi ambayo hawakulipwa, anko."

Siku zilizofuata alipiga hesabu upya: wakilipwa kwa kilo, mpaka punje ya mwisho, kituo kitasimama? Kilisimama, kwa shida. Angeweza kuwaonyesha wakubwa ule mstari wa juu tu, na kila mtu angefurahi. Siku ya mwisho nilikuwa nje naosha gari, nikamwona na kumsikia dirishani anaeleza yote mawili: mstari uliopanda, na mahindi ambayo hayakulipwa. Mhasibu mkuu alivua miwani akaishika muda mrefu. Waliamua kituo kibaki, na mahindi yapimwe kwa mzani. Jioni nilimpeleka binti stendi, akapanda basi la Dar, na sijamwona tena.

Wiki iliyofuata nilikwenda Mazingara kupakia. Mzee yule alikuwa amepima na kushona gunia lake, limenyooka, na mkono wake ulikuwa unapapasa juu pale kichwa kilipokuwa. Debe moja limebaki chini.

"Na la njia?"

"Rudi nalo nyumbani, mzee," alisema mama wa ghala.

"Lori likikwama?"

"Tutasukuma, kama siku zote."

Mzee alisimama, akinitazama kama nitakataa kuja tena. Kisha akalimimina kwenye mfuko, akaufunga nyuma ya baiskeli. Tulitoka pamoja. Alikuwa mbele yangu, katikati ya njia, anaendesha taratibu, mkono mmoja ameurudisha nyuma kuushika ule mfuko. Sikumpigia honi. Nilimfuata hivyo hivyo mpaka alipokata kona kwenda kwake.