Panya Asizidi Unene wa Nyoka

Viatu vyangu vya kwanza nilinunuliwa Tukuyu mjini, kwa ajili ya kipaimara. Kabla ya hapo nilikanyaga tope kama watu wote. Baba alinipeleka dukani kwa mzee mmoja Mwislamu, watu wao walitoka pwani zamani, mzee mpole mwenye kikohozi. Akaleta viatu vinavyonitosha. Baba akakataa, akasema mtoto anakua, lete vya namba ya mbele. Vikaletwa vya mbele. Mama akajaza majani makavu ya mgomba ndani, na kanisani nikatembea navyo vikinifuata nyuma kama mbwa wawili. Wenzangu walicheka mpaka mchungaji akageuka. Halafu viliibiwa kabla miguu yangu haijavifikia.

Duka lile bado lipo, wajukuu wa yule mzee wanauza simu na chaja. Mbele yake kosta za Mbeya zinashusha watu. Nilikuwa nimekaa pale kwenye kibaraza, najikinga mvua, nilipomwona mwanangu anashuka. Nimeanza na viatu kwa sababu hiyo, si nyingine.

Mwanangu huyu ndiye pekee aliyebaki. Alikuwa Dar miaka mingi. Mama yake alipokufa tulimpigia simu, akasema anakuja, tukangoja siku mbili na maiti ndani, hakuja, tukazika. Sisi Wanyakyusa kukosa msiba wa mama si jambo dogo. Watu waliongea sana. Sasa miaka mitatu imepita, huyo hapo, mtu mzima mwenye mvi masikioni, begi moja mgongoni na sanduku la plastiki mikononi, kalifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe analowa.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba. Umekuja?"

"Nimekuja."

Basi. Hayo ndiyo tuliyosema mpaka tukafika nyumbani.

Ndani ya sanduku kulikuwa na chatu. Si chatu wa kutisha, kitoto, urefu wa mkono wangu na unene wa dole gumba. Mwanangu alikuwa anafanya kazi mahali wanapofuga nyoka wa kuonyesha wageni, mwenye mahali akafunga shughuli, akampa huyo. Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja akaniuliza kama mwanangu amekosa mke huko Dar mpaka akaoa hiki. Nikamwambia akalime.

Kwetu ni baridi, na nyoka akipata baridi chakula hakishuki, kinamwozea tumboni. Sanduku likawekwa jikoni karibu na mafiga. Na mimi ndiye ninayekaa jikoni. Kwa hiyo tukawa watatu.

Niseme ukweli, mwanangu hakuwa mtu wa maneno, na mimi nilikuwa na swali moja tu la kumuuliza, la mama yake, nikaogopa kuliuliza asije akaondoka. Tukabaki na panya. Habari ya panya aliisema vizuri, kwa utaratibu, hata uso ulilegea. Mimi niliishia darasa la pili lakini hili nilifundishwa nikashika.

Alichukua ugwe wa mgomba, akamzungushia nyoka katikati, pale penye unene kuliko pote, akafunga fundo.

"Tata, kipimo ni hiki. Panya asizidi unene wa hapa. Akizidi, atatapika au atakufa. Akiwa mwembamba kidogo si neno."

"Na kichwa chake kidogo hivi? Anamezaje?"

"Kichwa achana nacho. Taya zinaachana. Angalia mwili."

Mwanzo tulimpa vitoto vya panya, vile vyekundu visivyo na manyoya, vinavyofanana na kidole cha mtoto. Baadaye vilivyoota manyoya lakini havijafungua macho. Mmoja kwa juma, siku ya soko, ili tusisahau. Mwanangu alimuua panya kwanza, kwa haraka, asiteseke, halafu akamshika mkia akamchezesha mbele ya nyoka. Panya wa jirani alikataa, maana majirani wanatega kwa sumu na sumu ile ingehamia kwa nyoka. Wa kwetu tulimkamata ghalani kwa ndoo. Unapitisha waya katikati ya chupa, unalaza juu ya ndoo, unapaka karanga. Panya akikanyaga, chupa inazunguka, anaanguka mzima.

Asubuhi mimi ndiye niliyekwenda kuangalia ndoo. Nikirudi anauliza, "Wangapi leo, tata?" Namwambia, "Wawili, mmoja anatosha, mmoja mama mtu." Tunapima kwa ugwe, tunabishana. Siku moja nyoka alikuwa amenenepa, fundo likasogezwa upana wa ukucha na mwanangu akacheka. Nilikuwa sijasikia kicheko chake tangu akiwa anachunga.

Sasa nikaanza kuwaza. Nikawaza hivi: nyoka mdogo anaingia sandukuni, sanduku linaingia kwenye kosta, siku yoyote atanyanyuka aende. Lakini chatu mkubwa, wa kubebwa na watu wawili, konda gani atamkubali? Huyu nyoka akikua, mwanangu habanduki. Wazo hilo sikumwambia mtu. Nililala nalo.

Ikafika siku moja ya soko, mwanangu akaitwa Kyimo kupakia ndizi kwenye lori. Akaniambia, "Nikichelewa mlishe wewe. Yule mdogo wa jana. Umuue kwanza." Alikuwa hajaniachia kazi hiyo hata siku moja. Nilifurahi.

Siku hiyo dada yangu mkubwa alikuwa amekuja kutoka Ikuti kunisalimu. Akanikuta nampima yule panya mdogo.

"Hicho ndicho chakula cha mgeni wako?"

"Ndicho kipimo chake."

"Anakula kama mwali aliyefika jana ukweni. Na umekiua kabisa? Wewe, mdogo wangu, siku hizi mgeni haonyeshwi kuku wake akiwa hai kabla ya kuchinjwa? Mama angekuona."

Alikuwa anatania. Ni mtu wa utani, na yeye anaogopa nyoka, alisema yote hayo akiwa mlangoni. Lakini ndoo ilikuwa na mwingine, dume la ghalani, limeanguka alfajiri, mkia kama kamba ya mbuzi. Sikulipima. Ugwe ulikuwa mkononi mwangu na sikulipima. Nikalimwaga sandukuni likiwa hai, nikafunika, nikaweka jiwe juu.

Halafu nikamsindikiza dada barabarani na mkungu wake wa ndizi. Mvua ikatukuta, tukaingia kwa watu, tukapewa chai. Tulikaa sana, tukamsema kila mtu.

Niliporudi nilisikia kukwaruza kabla sijafika mlangoni. Panya alikuwa mzima. Nyoka alikuwa amejikunja kwenye pembe, na mgongo wake ulikuwa umegugunwa, mahali pengine mpaka mfupa.

Mwanangu alirudi jioni, mabega yamechubuka kwa mikungu. Nilimwambia kabla hajakaa.

"Ulimpa yupi?"

"Yule mkubwa."

"Hai?"

"Hai."

Akalifunua sanduku, akaangalia. Mimi nikasema, "Nilitaka akue upesi, mwanangu."

"Akue upesi aende wapi, tata?"

Hapo ndipo ningesema. Nilisema ni dada yangu aliyenishauri.

Alimwosha nyoka vidonda kwa maji ya chumvi, akachochea moto, akakaa. Siku ya tatu nyoka akafa. Akamzika nyuma ya nyumba, kwenye migomba, hatua chache tu kutoka alipolala mama yake. Alichimba shimo refu kuliko lilivyohitajika. Alipomaliza akaenda kusimama kaburini kwa mama yake, mara ya kwanza mimi kumwona pale. Nilibaki mlangoni na kikombe chake cha chai mpaka ikapoa.

Akaja, akanawa, akainywa hivyo hivyo.

"Ndaga, tata," akanishukuru. Akachukua begi lake.

Nikamwambia mvua inakuja, achukue mwavuli. Akasema haina shida. Akapita kwenye migomba, akatokea kwenye shamba la chai la jirani, nikaona begi lake tu, halafu sikumwona. Hakurudi tena.