Siku Nilipokiosha Kijiti cha Rukia

Haya ninayo, msinione nacheka. Kisa hiki nimekaa nacho kifuani mwaka mzima sikumwambia mtu, na wale waliokuwako siku ile wakinikuta ndiani hunipisha kwa heshima kubwa mno, ile heshima ya mtu aliyebana kicheko. Basi leo nakisema mwenyewe, kabla hamjakisikia kwa wengine wakakitia chumvi.

Mjukuu wangu Rukia, mtoto wa binti yangu, nakaa naye hapa Kibokoni, na amesoma mpaka nikimuuliza kitu nabaki pale pale nilipoanzia. Kazi yake ni kutengeneza vipima joto. Si vile vya kumtia mtoto kwapani (nami nilidhani ni hivyo, nikamwambia mbona vimejaa madukani). Vyake ni vya kutiwa ndani ya chuma kilichoyeyuka, chuma kinachochemka kama uji. Nikamwambia, "Mwanangu, chuma kikishachemka kama uji si kishakwambia kina moto? Wataka kujua nini tena?" Akacheka. Akanambia kuna moto na moto, ukipungua kidogo chuma hakikai sawa kwenye umbo, ukizidi kinatoka kibovu, na kupima si shida, shida ni kile cha kupimia kisiliwe na moto kabla hakijasema.

Kwa macho yangu ni kijiti tu, mrija wa chuma urefu wa mwiko wa pilau, na ndani mna nyaya mbili za madini mbalimbali zimeshikana kwenye ncha. Ncha ikipata moto, ati nyaya zile zatoa umeme, na moto ukizidi umeme nao wazidi. Nikamwambia, "Aa, kumbe ni wake wenza, wakitiwa chumba kimoja joto likipanda na kelele zapanda!" Akasema, "Ndiyo hivyo hivyo, nyanya," lakini alivyosema nilijua sivyo.

Sasa, kuna karakana upande wa Liwatoni wanayeyusha vyuma vikuukuu, wakitengeneza nanga na vifuniko vya mitaro. Mwenyewe ni Bwana Salimu, mtu mkavu, hana maneno mengi. Alimpa Rukia nafasi mara tatu. Kijiti cha kwanza kiliyeyuka, cha pili kikapasuka. Bwana Salimu akasema hiki cha tatu kikistahimili mpaka chuma kimiminwe, atampa chumba pale pale karakanani afanye kazi yake, na kisipostahimili asirudi tena. Mtoto akawa halali vizuri, hali vizuri, kutwa yuko na kijiti chake.

Siku ile ya kukijaribu, Jumamosi asubuhi, Rukia alikuwa bafuni, mimi nipo uani, nakiona kijiti kimelala juu ya kitambaa. Lo! Kimejaa utandu mweupe, mkavu, mkwaruzo mkwaruzo, kama sufuria ya ugali iliyosahauliwa. Na kweli aliniambia, "Nyanya, usikiguse." Nilisikia, sisemi sikusikia. Lakini nikajiambia maana yake nisikivunje (maana mtu mwenye akili atakataaje kitu kuoshwa?), na nyumba yetu tangu mama yangu haijatoa chombo kwenda kwa watu kikiwa kichafu. Hata bakuli la jirani hulirudisha linang'ara, tena na kitu ndani. Leo mtoto wetu aende mbele ya wanaume wa watu na kijiti kina ukoko, waseme kwao hakuna mwanamke?

Nikachukua jivu, ukwaju na kumbi la nazi. Nikasugua. Ukoko wenyewe mgumu, wallahi, mpaka mkono uliniuma, na nilivyozidi kushindwa ndivyo nilivyozidi kuona ni uchafu wa siku nyingi. Ulipotoka wote, chini mrija ukawa mweupe pe kama sarafu mpya. Nikaupaka mafuta ya nazi kidogo upate kumeremeta, nikaufunga kwenye leso yangu mpya, nikavaa buibui, na Rukia alipotoka nikamwambia, "Mzigo wako nishakufungia, nabeba mimi, nawe beba sanduku lako." Akanibusu mkono. Akanibusu mkono, jamani!

Kufika kule, joto la mlangoni tu lilinitoa jasho la mwaka mzima. Nilichukua mahamri na chupa ya chai, kwa hivyo nikapokewa vizuri. Msimamizi wa tanuri ni Mutua, Mkamba, mtu mpole, miaka yote amekuwa akipima moto kwa macho tu, aangalia rangi yake, na macho yenyewe mekundu maskini. Rukia akainama kule nyuma na sanduku lake lionyeshalo moto kwa namba, akiunga waya, mimi nikamfungulia Mutua leso. Akakishika kijiti, akakigeuza, akasema, "Eh, nyanya, leo hiki kinang'aa kweli!"

Nikasema, "Kazi ya mkono huu, mwanangu."

Akakifunga kwenye chuma kirefu, akavaa ngao yake ya uso, akakitia ndani.

Kwanza ilikuja harufu. Mtu mmoja akasema, "Nani anakaanga mhogo?" Kisha tanuri likatema cheche, pa! pa! pa! Mutua akaruka nyuma kama kijana, na mimi mahamri yangu yote chini. Rukia akapiga kelele namba zapanda, zapanda, mara akaanza kuligonga sanduku lake kwa kiganja. Nikamuuliza, "Zimefika?" Zilikuwa zimepotea zote. Mutua akakivuta kile chuma kirefu nje, na mbele yake hamna kitu, kibutu tu kinachuruzika kama mshumaa.

Bwana Salimu akasema pole pole, "Binti, tulikubaliana."

Rukia akasema, "Haiwezekani. Nilikipaka tabaka tatu. Nimekikausha siku nne."

Mimi nikawa sielewi. Tabaka zipi? Nikamvuta mkono, "Umekipaka nini, mwanangu?"

"Ule mpako mweupe, nyanya. Ndio ngao yake. Bila ule, chuma kinaliwa na chuma mwenzake."

Hapo nikafahamu nilichokisugua. Na shetani, mimi nawaambieni ukweli, alininong'oneza: nyamaza, moto ushakula ushahidi, nani atajua? Nikamtazama mtoto, anakusanya waya zake, ajiona yeye ndiye hakujua kazi. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Ule mweupe niliuosha mimi!"

Bwana Salimu akageuka. "Uliosha, Bi Zena?"

"Niliosha."

"Kwa nini?"

"Kwa jivu na ukwaju." (Aliuliza sababu, nami nikamtajia sabuni, hivyo ndivyo nilivyochanganyikiwa.)

"Na ile harufu?"

"Mafuta ya nazi. Kidogo tu. Kimeremete."

Mutua alivua ngao ya uso akakaa chini. Alicheka mpaka machozi yakachirizika kwenye masizi, na karakana nzima ikaangua, mmoja akauliza kama nilikitia na iliki. Nilitamani ardhi inimeze buibui na yote. Rukia peke yake hakucheka. Alinitazama tu, na sikujua ni hasira au ni nini, wala mpaka leo sijui.

Bwana Salimu hakucheka pia. Akafikiri, kisha akasema, "Basi kijiti chake hakijajaribiwa. Kilichoyeyuka leo ni chombo cha jikoni cha Bi Zena. Binti, lete kingine Jumamosi ijayo. Nyanya abaki nyumbani."

Nikabaki. Jumamosi ile nilikaa barazani mikono nimeikalia, nikimsalimu kila apitaye bila kusikia anavyojibu, mpaka simu ikalia. Rukia alikuwa akilia, na mimi nikaanza kulia naye kabla hajasema kitu, kumbe chuma kimemiminwa, namba zilisimama mpaka mwisho, na Bwana Salimu ameshampa ufunguo wa chumba.

Nimeapa sioshi tena kitu nisichokijua. Sasa hapa nyumbani nauliza kila kitu, hiki nikioshe? na hiki? mpaka mkwe wangu, baba yake Rukia, amechoka, juzi kaniambia, "Mama, hiyo ni sinia, sinia tu!" Haya, nikaiosha. Lakini nikaiosha nikiwa na wasiwasi, na niliikausha nikaitazama muda mrefu, maana sasa mtu atajuaje?