Bendera ya Nukta Nyeusi

Mwanangu, lile nililolikana kwa miaka zaidi ya ishirini ni hili: fundi hakukosea. Niliyekosea ni mimi. Nimelikana mbele ya mkuu wangu wa kazi, mbele ya mume wangu, na mbele ya watu wengi kwenye meza za harusi, maana kosa lenyewe nililigeuza kichekesho na nikawa nakisimulia vizuri. Sasa nimechoka nacho. Kaa nikwambie ilivyokuwa, mara hii bila kutia chumvi.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Dar es Salaam, nikarudi Rwanda na wazazi wangu, nchi niliyoijua kwa masimulizi ya jikoni tu. Nikapata kazi katika ofisi moja ya serikali mashariki mwa Kigali, barabara ya kwenda Kabuga. Ofisi ile ilikuwa na undugu na kijiji kimoja cha Ujerumani. Wakati ule ofisi nyingi zilikuwa na marafiki wa namna hiyo: wao wanatujengea darasa, sisi tunawaimbia nyimbo. Barua zao nikapewa mimi, kwa sababu niliwahi kusoma Kijerumani muhula mmoja. Niliweza kusalimu asubuhi na kuagiza viazi. Ofisini waliniita mtaalamu, nami sikuona haja ya kuwasahihisha.

Siku moja ikaja faksi. Wageni kumi na wawili wangefika baada ya majuma matatu, na pamoja na barua kulikuwa na ukurasa wenye nembo ya kijiji chao. Usishangae kijiji kuwa na nembo. Kule hata kijiji chenye kanisa moja na ng'ombe wengi kuliko watu kina ngao yake na bendera yake, na siku ya sikukuu huipandisha kwa heshima kubwa. Ngao yao ilikuwa imegawanywa katikati. Juu palikuwa na gurudumu la kinu cha maji, chini kishada cha zabibu. Nyuma ya gurudumu ilichorwa mistari myembamba ya kusimama, na nyuma ya zabibu nukta, nyingi ajabu, zimepangwa kama mbegu kwenye tuta. Rangi haikuwapo hata moja.

Mkuu wangu, mtu mpole aliyekulia Uganda, akasema tuwashonee wageni bendera yao, ipepee mlangoni siku watakapofika. Nikatumwa Kabuga kwa Mzee Shabani.

Mzee Shabani alikuwa mjukuu wa wafanyabiashara waliotoka pwani zamani, na Kiswahili chake kilinifanya nikionee haya changu nilichotoka nacho Dar. Alitarizi kofia na shingo za kanzu, na mapazia ya ofisi yetu alishona yeye. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la mkewe, Bi Zaituni. Alivaa miwani, akaugeuza ule ukurasa mara mbili tatu.

"Binti, hii mistari ya nini?"

Sikujua. Nikamwambia ni mapambo tu.

"Mapambo hayanyooki hivi. Na hizi nukta? Mtu hakai akatia nukta zote hizi kwa kukosa kazi. Wapigie uwaulize."

Kupiga simu Ujerumani kulitaka kibali cha mkuu, na kuomba kibali kungekuwa kukiri kwamba mtaalamu hajui. Isitoshe, ningelazimika kuongea Kijerumani kisichohusu viazi. Basi nikamjibu kwa ile sauti ya watu waliosoma, ambayo natumaini wewe hujajifunza bado.

"Mzee, shona kama ilivyo. Usibadilishe kitu."

Akashona kama ilivyo. Kitambaa cheupe, uzi mweusi, kila mstari mahali pake, kila nukta kwa mkono. Nilipopita juma la pili nilimkuta ameinamia zabibu. Akaniambia nukta zimeshaingia mpaka kwenye ndoto zake. Nikacheka, nikasema inapendeza. Na kweli ilipendeza, hilo sikudanganya.

Siku ya wageni bendera ilipandishwa mlangoni. Wageni wakashuka kwenye basi, wakaitazama. Kisha mmoja akacheka, wakacheka wote, bila ubaya, kama watu waliomwona babu yao amevaa gauni. Mama mmoja mzee, mwalimu mstaafu aliyetunza karatasi za kijiji chao, ndiye aliyetueleza. Zamani, vitabu vilipochapwa kwa wino mweusi peke yake, wachoraji wa nembo walikubaliana alama za rangi. Mistari ya kusimama maana yake nyekundu. Nukta maana yake dhahabu. Faksi ile ilinakili mchoro wa zamani. Bendera yao ilikuwa nyekundu na dhahabu, na kila mtoto wa kule alilijua hilo. Sisi tulikuwa tumeshona maelezo ya rangi, kama mtu aliyeagiza gauni akaletewa vipimo.

Mkuu wangu alijaribu kucheka na wageni, akashindwa. Akanivuta pembeni.

"Dada, hii iko bendera, ama iko kitambaa ya meza? Nani alisema ashone hivi?"

Mzee Shabani alikuwa amesimama karibu na uzio, kanzu imepigwa pasi, Bi Zaituni ubavuni pake. Walikuja kuiona kazi yao ikipepea.

Nikasema, "Nilimweleza rangi. Labda hakunielewa."

Nilidhani mkuu angeishia hapo. Akamwita fundi, akamuuliza mbele yangu na mbele ya mkewe. Mzee Shabani alinitazama kitambo. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayepapasa mfuko wake mwenyewe akitafuta kitu alichoamini kimo.

"Huyu binti amesoma," akasema. "Kama anasema aliniambia, basi aliniambia. Nimesahau mimi."

Bendera ikateremshwa kabla ya chai. Mapazia ya ofisi tangu hapo yakashonwa na fundi mwingine, na mimi nikapandishwa cheo, nikawa msimamizi wa mambo ya wageni.

Miaka ikaenda. Nimeandika makala nyingi, mbili kati yake kuhusu uaminifu, na nilipozisoma sikuona haya. Kichekesho cha fundi aliyeshona nukta kikawa chakula changu cha karamu. Mwezi uliopita nilikisimulia tena, hapa nyumbani Kagarama. Watu wakacheka pale pale wanapochekaga siku zote. Kulikuwa na msichana wa umri wako, ameanza kazi juzi katika ofisi moja Kacyiru. Yeye hakucheka. Aliuliza kwa adabu tu, "Lakini mama, kama ulimwambia nyekundu na dhahabu, kwa nini alinunua uzi mweusi?" Wengine wakaendelea kucheka. Mimi nikaendelea kutafuna.

Nasaha yangu basi, mwanangu, isikie kwa mtu asiyestahili kuitoa. Ukiwa hujui, sema hujui siku hiyo hiyo, kabla mtu hajakaa chini kushona. Anayefanya kazi kwa mikono akikuuliza swali, mjibu swali lake, usimpe cheti chako. Na yule uliyemdhulumu usimgeuze kichekesho, kwa sababu utalazimika kumdhulumu tena kila unapotaka watu wacheke. Mungu akupe macho ya kuona usichokijua, na kinywa chepesi cha kukisema. Akuepushe na sauti ile niliyokuambia.

Nilikwenda Kabuga kuulizia habari za Mzee Shabani. Mwenye duka mmoja akanipa namba yake ya simu. Nikapiga Jumapili mchana, nimekaa kitandani, mlango nimeufunga. Sauti ilikuwa imekonda, lakini Kiswahili ni kile kile. Nikasema yote kwa pumzi moja, mpaka faksi, mpaka uzio.

"Sikuambiwa rangi?"

"Hukuambiwa, Mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Nikamsikia akivuta pumzi. Akanieleza, taratibu, kwamba tangu siku ile hakupokea kazi bila kumwita mkewe asimame asikilize, kwa sababu kichwa chake hakikuwa cha kuaminika tena. Kofia za kutarizi aliziacha. Nyumbani ufunguo ukipotea, chumvi ikisahauliwa sokoni, inatajwa bendera. Alijua kusahau kwake kulianzia pale.

"Usikate," akasema. Nikamsikia akiita, "Zaituni, njoo. Acha hicho, njoo ukae hapa." Kiti kikaburutwa. "Binti, nimeweka spika. Sema tena, tangu mwanzo, polepole. Ukimaliza, ndipo nitakuombea dua."

Nikaanza tena, polepole.