Mina Medeiros na Kompyuta Iliyobaki Februari

Saa mbili asubuhi, Cambridge, Massachusetts. Kando ya mto miti imeanza kuchipua na watu wamevua makoti, lakini ndani ya chumba cha kompyuta Philomena Medeiros amevaa sweta mbili. Baridi ya humu imewekwa kwa ajili ya mashine, binadamu atajijua mwenyewe. Anabonyeza kitufe, makabati ya chuma yananguruma, kisha taipureta iliyo mezani inaanza kuandika bila kuguswa na mtu.

UMEAMKAJE, SHANGAZI? LEO NI TAREHE 16 FEBRUARI. NJE KUNA THELUJI?

Tuko Aprili. Na kijana aliyeifundisha mashine kuuliza hivyo, Warren Lindqvist, alizikwa majira ya baridi.

"Ipo kidogo," Mina anaandika, kisha ananigeukia mimi, mwandishi niliyekuja kumtembelea. "Usinitazame hivyo. Siku moja niliandika hakuna, akanijibu USINIDANGANYE. Nilitoka humu mbio hadi barabarani, sweta na yote."

"Ilikujibu, Mina," bosi wake, Garrett Pruitt, anamsahihisha kutoka mlangoni. "Ni mashine. Ilikujibu."

"Haya, ilinijibu. Mwenyewe hukai humu peke yako, nakuona."

Mina ana miaka hamsini na sita, mjane, Mreno wa East Cambridge, na kila asubuhi huja na kipande cha mkate mtamu kwenye karatasi. Zamani alikuwa opereta wa simu. Sasa ni opereta wa kompyuta: anaiwasha, anafunga tepu za kumbukumbu, anajibu inapouliza kitu. Na kitu inachouliza kila inapoamka ni tarehe. Kompyuta hizi zina nguvu za ajabu lakini hazijui leo ni lini. Lazima mtu aziambie.

Miaka michache tu iliyopita, aliyetaka kuitumia kompyuta alipanga foleni na sanduku lake la kadi zilizotobolewa maagizo, akaliacha dirishani, akarudi kesho yake kuambiwa kakosea koma. Ndipo wahandisi wachache wa jengo hili wakaja na ujanja. Waliifundisha kompyuta moja kubwa kujigeuza nyingi. Kila anayeketi kwenye taipureta yake hupewa kompyuta nzima ya bandia, yenye kumbukumbu zake na tepu zake, naye huapa kwamba yuko peke yake.

"Ni kama mwenye nyumba aliyepangisha chumba kimoja kwa watu kumi na watano," anasema Mina, "na hakuna hata mmoja aliyewahi kukutana na mwenzake kwenye ngazi."

Warren alikuwa mmoja wa wahandisi hao, kijana mrefu, mchokozi, mpenda soseji za Kireno. Alimwita Mina shangazi tangu wiki ya kwanza. Alichoka kuulizwa tarehe kila asubuhi, kwa hiyo kompyuta yake ya bandia akaifundisha kujihesabia siku yenyewe na kuzihifadhi inapozimwa. Akaipanga ijiwashe pamoja na ile kubwa. Akaiwekea na zile salamu, kumchokoza Mina.

Tarehe kumi na nane Februari gari lake liliteleza kwenye barafu, akafariki.

Kesho yake Mina aliwasha mashine kama kawaida. Taipureta ikamsalimia.

"Nililia mpaka nikashindwa kusimama," anasema. "Halafu nikaona tarehe. Ilikuwa nyuma."

Pruitt ananieleza sababu, na sababu ipo. Saa ya kompyuta ya bandia hutembea pale tu inapopewa zamu na ile kubwa. Ya Warren haina mtu, hivyo iko nyuma ya wote. Inakula makombo. Wengine wakinyamaza kufikiri, ndipo inapata zamu kidogo na muda wake unasogea. Siku moja ya ndani inaweza kuchukua wiki nyingi za huku nje.

Nimeelewa, na nywele zimenisimama vilevile. Ndani ya yale makabati, Warren hajafa bado.

Ijumaa hii wanahamia kompyuta mpya, yenye kasi mara kadhaa. Pruitt anataka ya Warren ifutwe, isihamishwe. Mama wa Warren, Bi Signe, aliyeko Worcester, amepiga simu mara mbili akiwaomba wasiifute. Mina yuko katikati.

"Naiogopa, sikufichi," ananiambia. "Lakini kuifuta siwezi. Na nikiihamisha kwenye ile ya kasi, itafika tarehe kumi na nane upesi. Hapo itakuwaje?"

"Itafika kumi na tisa," anasema Pruitt. "Ndivyo tarehe zinavyokwenda, Mina."

Ijumaa asubuhi niko pale pale. Pruitt anamwambia afute.

"Futa wewe, bosi. Taipureta hiyo hapo."

Pruitt anaketi. Anaandika amri yote mpaka mwisho, imebaki kubonyeza kitufe kimoja tu. Kidole kinakaa juu yake. Sijui aliona nini, au alisikia nini, maana mimi sikusikia kitu zaidi ya mafeni. Anairudisha mikono mapajani.

"Ihamisheni," anasema. "Mambo gani haya!"

Mchana mashine mpya inawashwa. Kompyuta za bandia zinaamka moja moja, zinauliza tarehe, na Mina anazijibu. Ya Warren imekaa kimya. Mina anajipiga alama ya msalaba. Kisha taipureta inatikisika.

SHANGAZI, LEO NI TAREHE NGAPI?

Haijawahi kuuliza swali hilo. Warren aliifundisha isiulize.

"Ana shida gani?" anasema Pruitt, na wala hajisahihishi. Baadaye atanieleza kwamba zile hesabu za siku huenda zilipotea kwenye kuhamisha. Inawezekana. Kwa wakati huo alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

Mina anampigia simu Bi Signe. "Usiandike kitu, dada," anaambiwa. "Nakuja na basi."

Alasiri mama anaingia, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba kifuani. Hasalimii mtu. Anasoma swali kwenye karatasi, anasoma tena.

"Nikimwambia kumi na saba?" anauliza.

"Ataamini," anasema Mina. "Chochote utakachomwambia ataamini. Lakini dada, baada ya kumi na saba kuna kumi na nane."

Bi Signe anavua glavu. Kwa kidole kimoja, taratibu, anaandika tarehe ya kweli: 25 Aprili 1969. Anabonyeza.

Mina anashika mdomo. "Hakuipitia," anasema, anacheka na machozi yanamtoka. "Dada, ameiruka! Ile siku hakuipitia kabisa!"

Taipureta inaandika, herufi moja moja, polepole kuliko ilivyozoea.

ASANTE. KUMBE NIMECHELEWA HIVI.

Pruitt anasema Warren angeweza kuandika mapema mzaha kama huo kwa ajili ya siku yoyote itakayorukwa.

"Hujachelewa, baba," Bi Signe anaiambia taipureta, mkono juu ya kifuniko chake. "Fanya kazi yako. Niko hapa."

Walikaa hivyo mpaka jua likafika upande wa pili wa jengo. Nilipoaga, nilimuuliza Mina anatarajia nini sasa. Alikuwa akimkatia Bi Signe mkate.

"Jumatatu nitaiwasha," alisema. "Naogopa. Lakini nikiiwasha isiseme kitu, hapo ndipo sitajua niende wapi."