Saini ya Shangazi

Kibao cha duka langu hapa Arua kiliwahi kusomeka hivi: Mikataba ya Ardhi, Wosia, Barua za Ofisi, Ushauri wa Sheria, Picha za Pasipoti. Niliviweka vyote pamoja kwa sababu kwa akili yangu ya wakati ule vilikuwa kazi moja: unakaa mbele ya mashine, mtu anatoka na karatasi. Sheria sikuisomea. Nilikuwa mpiga chapa wa mawakili kwa miaka mingi, ofisi iliyo karibu na mahakama, na mtu anayenakili majina ya dawa kwenye daftari la zahanati kila siku mwishowe hujiona daktari. Nilipoacha kazi ile nilinunua kompyuta, printa na mashine ya kulamineti, nikaanza kushauri watu.

Na watu walikuja. Wakili ana ngazi za kupanda, ana benchi la kusubiria, na anakuuliza maswali ambayo hukuja kuulizwa. Mimi nilikuwa chini, barazani, na sikumuuliza mtu chochote. Ukitaka kuuza shamba, nachapa kwamba umeuza shamba. Kama shamba ni la ukoo mzima na ukoo wenyewe uko huko unalipalilia, hayo mtajuana. Nilipenda sana maneno "kuanzia leo na hata milele". Niliwahi kuyatia katika mkataba wa kukodisha pikipiki kwa wiki mbili, na mwenye pikipiki akanishukuru.

Kwetu, karatasi haihesabiwi karatasi mpaka ijae saini. Atasaini muuzaji, mnunuzi, wazee wa ukoo, jirani wa juu, jirani wa chini, mwenyekiti wa kijiji na mhuri wake, na yeyote aliyepita njia akasikia harufu ya mchuzi, maana shahidi hulishwa. Asiyepewa kalamu huenda nyumbani amenuna, na kesho yake ndiye wa kwanza kusema kwamba hakuna kilichoandikwa. Kwa hiyo niliwaachia mashahidi ukurasa mzima wenye mistari, na nikasifiwa kwa busara.

Baba mdogo aliposikia sifa hizo aliniita niende kwake, mji wa Koboko. Alikuwa na nyumba yake mjini, kwenye njia ya sokoni: vyumba viwili, jiko la nyuma, na chumba cha mbele alichompangisha mfanyabiashara kutoka Sudan Kusini. Baba mdogo alikuwa amepooza upande mmoja. Mwanawe wa pekee, binamu yangu anayeuza simu hapa Arua, alikuwa amekuja mara moja na mfuko wa sukari, akapiga picha na baba yake, akarudi. Aliyemgeuza kitandani, akamlisha na kumfulia kwa miaka tisa ni shangazi, dada yake, aliyerudi kutoka kwenye ndoa yake kule Abuku bila mtoto na bila kitu. Shamba la ukoo la Lobule wanaume walikuwa wamekwisha kugawana. Shangazi hakuwa na mahali pengine pa kuweka kichwa.

"Hii nyumba, mi nataka dada yangu ndiyo abaki nayo," baba mdogo aliniambia. "Kijana yangu atauza mbele ya watu kumaliza kulia. Wewe andika karatasi yenye mutu hapana weza kataa."

Niliandika wosia. Siku ya kusaini walichinjwa kuku wawili na kreti ya soda ikaletwa. Baba mdogo aliweka alama kwa mkono wake mzima. Pasta akasaini, kisha yule mpangaji wa chumba cha mbele. Mhuri ukapigwa. Ilikuwa imekwisha, na kama ningekaa kimya nikala paja langu la kuku, nisingekuwa na la kusimulia. Lakini mistari ilikuwa imebaki mingi, na mimi nilikuwa mtaalamu.

Nikaita jikoni. "Shangazi, njoo uweke saini."

Alitoka na mwiko mkononi. "Mimi tena? Hii maneno si ya hawa wanaume?"

"Nyumba ni yako. Usiposaini, kesho watasema hukuwepo."

Aliitazama karatasi. "Pasta na huyu mupangaji, hawa wawili hapana tosha?"

"Hawatoshi," nikasema.

Akafuta mkono kwenye kitenge, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kwenye mstari wa shahidi wa tatu. Niliporudi Arua niliulamineti wosia ule ili maji na panya visiupate.

Baba mdogo alifariki mwaka uliofuata, tukamzika Lobule. Kweli, watu walikuwa hawajamaliza kulia binamu alipoanza kupima nyumba kwa hatua. Nikamtolea karatasi yangu mbele ya ukoo, nikaisoma kwa sauti mpaka kwenye "hata milele". Akasema twende kwa wakili wake. Nikasema twende hata leo.

Wakili alikuwa msichana mdogo kwangu, na nilimdharau kwa sababu hiyo. Aliusoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akaweka kidole kwenye saini.

"Huyu shahidi wa tatu ni nani?"

"Ndiye mwenyewe aliyepewa nyumba," nikajibu kwa majivuno.

Akatueleza taratibu. Wosia ni halali. Lakini anayepewa kitu ndani ya wosia haruhusiwi kuwa shahidi wake. Akisaini, wosia unabaki, na alichopewa ndicho kinachoanguka, kikaenda kwa mrithi wa kawaida, yaani mtoto wa marehemu. Mashahidi wawili wa kwanza walikuwa wanatosha kabisa. Binamu ilibidi aelezwe mara mbili ndipo akaelewa kwamba ameshinda, na alipoelewa alituagizia chai.

Wakili alisema ipo sehemu ndogo ambayo sheria humpa ndugu aliyekuwa akimtegemea marehemu, mradi athibitishe kwamba marehemu ndiye aliyekuwa akimtunza. Shangazi akauliza, "Mimi naogesha yeye miaka tisa, sasa niende niseme yeye ndiyo alikuwa nachunga mimi?" Akakataa. Wakili akauliza nani alimwambia asaini. Shangazi alinitazama, kisha akatazama dirishani. Sijawahi kuona aibu kama ile, na chai ya binamu niliinywa yote kwa kukosa pa kuweka uso.

Nyumba iliuzwa. Shangazi anakaa kwangu, chumba cha nyuma. Yale maneno "Ushauri wa Sheria" niliyafuta kwa rangi kwenye kibao, ingawa bado yanaonekana jua likipiga. Mchana yeye hukaa mlangoni pa duka na cherehani yake, na kila mteja wa wosia humpitia kwanza. "Wewe iko ndani ya hii karatasi? Unapewa kitu? Basi kaa kule, hapana shika kalamu." Siku hizi watu huja wakimuulizia yeye. Mimi huniambia nichape.

Mwezi uliopita aliniambia nimwandikie wosia wake. Haukuwa mrefu. Sufuria kubwa apewe mke wangu. Halafu akagusa gurudumu la cherehani. "Hii mashine, apewe mutoto ya kaka yangu, huyu mwenye iko naandika." Macho yalinijaa machozi. Nilidhani nimesamehewa.

Aliwaita majirani wawili, fundi viatu na mama wa duka la dawa. Wakasaini wote wawili, wakaenda zao. Ndipo akaigeuza karatasi upande wangu, akanitilia kalamu mkononi.

"Sasa wewe. Weka saini ya shahidi."

"Shangazi, wawili wanatosha."

"Hawatoshi," akasema, na akakaa pale mpaka nikasaini.