Namba nne kwenye kadi ya kocha

Leo nimekosolewa kitabu mbele ya watu, na aliyenikosoa yuko sahihi.

Asubuhi nilikuwa maktaba huku St Marys, Kanada, nauza kitabu changu kipya kuhusu makocha wa besiboli.
(Ndiyo, Mtanzania na besiboli. Mshacheka vya kutosha.)

Akaja dada mmoja Mrundi, Goreth, bado kavaa sare ya kazi. Anatunza wazee.
Akafungua sura ya mwisho, ya kocha aliyefariki mwaka jana. Akasoma kimya, kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Kaka, umeandika kwamba mwishoni alisahau kila kitu. Nani alikuambia?"

Nikamjibu ni familia yake.

Akatoa kadi kwenye pochi.
Kabla ya mechi, kocha huandika wachezaji wake tisa kwa zamu ya kupiga. Kadi ile ilikuwa na majina tisa, mwandiko unatetemeka. Sikumjua hata mmoja.

"Hao ni sisi wafanyakazi wa nyumba ya wazee alikoishi. Kila asubuhi alikuwa anatupanga. Mimi namba nne."

Jamani, namba nne hupewa mpigaji ambaye kocha anamtegemea kuliko wote.

Goreth hakulijua hilo. Nilipomweleza, alivuta kiti akalia.

Miaka mitatu nimehoji watu. Timu ya mwisho ya kocha huyo sikuiuliza hata neno.

Kwenye nakala zilizobaki nimeufuta ule mstari kwa kalamu, moja moja. Wewe uliyekwisha kununua, naomba uufute pia.
Kisha andika pembeni: Goreth, namba nne.